Pinion, bawa au gia? Mwongozo kamili wa kufuatilia asili ya neno la Kiingereza

Nimekulia gereji. Mjomba wangu alikuwa fundi wa difu, ile seti ya gia inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba gari likianza kulia nyuma, basi krauni na pinioni, gia zake mbili, zimekula meno. Ndiyo maana miaka mingi baadaye, nilipopewa hadithi fupi ya Kiingereza niitafsiri, nikakuta tai mzee juu ya jabali amekunja "pinions" zake, sikuhangaika na kamusi. Neno lenyewe si nalijua tangu utotoni? Nikaandika kwamba tai alikunja pinioni zake. Mhariri alinirudishia ukurasa ule na maneno manne pembeni: "Tai ana difu pia?"

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na siuruki hata kwa neno ninaloona nalijua. Hapa chini nitauonyesha kwa neno lilelile lililonitia aibu. Utahitaji simu yenye intaneti na daftari. Neno la kwanza litakuchukua kama saa nzima. Ukizoea, robo saa inatosha.

Hatua ya 1: Hesabu vidahizo kabla ya kusoma maana

Kidahizo ni lile neno lenye wino mzito linaloanzisha maelezo katika kamusi. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwenye neno "paa" utaliona limeandikwa mara kadhaa, kila moja na tarakimu yake ndogo: paa la nyumba, paa mnyama, kupaa angani, kupaa magamba ya samaki. Tarakimu hizo ni onyo la mwanakamusi kwamba hayo ni maneno tofauti yaliyogongana sura.

Kamusi za Kiingereza hufanya hivyohivyo. Merriam-Webster iko mtandaoni bure, nami huanzia huko. Andika pinion, kisha pitisha macho tu, usisome. Utakuta nomino ya kwanza, kitenzi, halafu nomino ya pili. Andika kwenye daftari: nomino mbili, kitenzi kimoja. Kama ningefanya hili tu, sekunde kumi, tai wangu asingeingia gereji.

Hatua ya 2: Andika kila maana kwa maneno yako, ukiwa umekiona kitu chenyewe

Usinakili fasili. Fasili ya kunakili hukudanganya kwamba umeelewa. Nenda ukakitazame kitu.

Nomino ya kwanza inahusu ndege, na ili kuielewa inabidi ukumbuke kwamba bawa la ndege ni mkono. Chukua bawa la kuku jikoni ulikunjue: kuna kipande cha bega hadi kwenye kiwiko, kuna kipande cha kiwiko hadi kifundo, na mwisho kuna kile kincha chembamba ambacho wengi hukitupa au humwachia mtoto agugune. Hicho cha mwisho ndicho kiganja cha ndege, na ndicho pinion kwa maana yake finyu. Manyoya marefu ya kurukia yamejishika hapo, kwa ndege wengi kama kumi hivi kila upande, na ndiyo yanayomsukuma mbele hewani. Kutoka hapo neno limepanuka pande mbili: huitwa pinion unyoya mmoja wa kurukia, na katika ushairi huitwa pinion bawa zima.

Kitenzi kinatoka palepale. Wafugaji wa bata na ndege wa mapambo huko Ulaya walikuwa wakikata kile kiganja cha upande mmoja, ili ndege akijaribu kuruka apoteze mizani. Tofautisha jambo hili na alilokuwa akifanya bibi yangu, ambaye alipunguza kwa mkasi manyoya ya bawa moja la tetea mtoro aliyezoea kuvuka ua. Manyoya ya tetea yule yalichipua tena baada ya kunyonyoka, na utoro ukarudi. Kiganja kikishakatwa hakioti. Kiingereza kina vitenzi viwili kwa mambo haya mawili, na ukivichanganya katika tafsiri utakuwa umemfanya bibi mkatili bila sababu.

Kitenzi hichohicho kikihamia kwa binadamu kinakuwa kumfunga mtu mikono, hasa kwa nyuma au kuibana ubavuni. Mikono ndiyo mabawa yake. Magerezani Uingereza neno hili lilitumika kwa mishipi ya ngozi aliyofungwa mtu anayepelekwa kunyongwa.

Nomino ya pili ni ya mjomba wangu. Pinioni ni gia ndogo inayoshikana na kubwa au na mhimili wenye meno. Kwenye difu, pinioni imekaa mwisho wa propela shafti, inaizungusha krauni. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela inazunguka mara 4.1 ili krauni izunguke mara moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Kwenye stering za magari madogo pinioni huzunguka ikiisukuma raki, ule mhimili wenye meno, kushoto na kulia. Na mafundi saa wanazo pinioni ndogo kuliko punje ya mchele.

Hatua ya 3: Tafuta mwaka, na uelewe mwaka huo unasema nini

Merriam-Webster huweka chini ya maana mwaka wa matumizi ya kwanza yanayojulikana. Oxford English Dictionary, ile kubwa, huenda mbali zaidi: chini ya kila maana imepanga nukuu kutoka ya zamani hadi ya karibuni. Kamusi hiyo ilitolewa vipande vipande kuanzia 1884 hadi 1928, ikijengwa juu ya mamilioni ya vikaratasi ambavyo wasomaji wa kujitolea walinakilia sentensi walizokutana nazo vitabuni na kuzituma kwa posta. Kuisoma mtandaoni ni kwa kulipia, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu zimeshalipia, uliza.

Kwa pinion utapata picha hii. Nomino ya bawa inaonekana katika karne ya 15. Kitenzi kinaonekana katikati ya karne ya 16. Gia inakuja katikati ya karne ya 17, wakati ambapo ufundi wa saa ulikuwa unashika kasi.

Mwaka huo ni wa maandishi ya kale kuliko yote yaliyopatikana, na neno lenyewe huenda lilikuwa midomoni mwa watu miaka mingi kabla. Ndiyo sababu usishtuke ukiona jambo la ajabu: kumfunga mtu mikono kumeandikwa mapema kidogo kuliko kumkata ndege bawa. Kwa mantiki ndege alitangulia. Kwa karatasi, mfungwa ametangulia. Mimi huandika yote mawili daftarini, nikiweka alama kipi ni ushahidi na kipi ni akili yangu.

Kama neno lako ni la kabla ya 1500, ipo pia Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambayo ni bure kabisa.

Hatua ya 4: Rudi nyuma lugha moja baada ya nyingine, usiruke

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mtu akisikia neno fulani la Kiingereza limetoka Kilatini, hukimbilia Kilatini moja kwa moja na kuacha katikati tupu. Katikati ndiko kwenye habari.

Tovuti ya Etymonline, iliyojengwa na Douglas Harper, itakupa njia kwa ufupi. Pinion ya bawa imeingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, pignon. Hili halishangazi: baada ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana kwa vizazi kadhaa, na maneno mengi ya uwindaji na ya mezani yalishuka kutoka kwao. Pignon ya Kifaransa nayo inarudishwa kwenye *pinnionem ya Kilatini cha mitaani, na hiyo kwenye pinna ya Kilatini cha vitabuni.

Umeiona ile nyota mbele ya *pinnionem? Usiipite. Nyota maana yake hakuna andiko lolote lenye neno hilo. Wanaisimu wamelijenga kwa kurudi nyuma kutoka kwenye maneno yaliyobaki. Kipande kile cha mwisho kimeongezwa kukuza kitu, kama sisi tunavyotoa jitu kutoka mtu. Kwa hiyo pignon ilikuwa unyoya mkubwa, na kweli manyoya ya kiganja ndiyo makubwa.

Sasa ifungue pinna. Kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short iko bure kwenye tovuti ya Perseus. Pinna, na ndugu yake penna ambaye Warumi wenyewe walimchanganya naye, ni unyoya, ni ubawa, ni pezi la samaki, na ni yale meno ya juu ya ukuta wa ngome. Kama hujawahi kuyatazama, meno ya namna hiyo yapo juu ya kuta za Ngome Kongwe, Unguja: nundu, pengo, nundu, pengo.

Meno ya ukuta. Meno ya gia. Unaona tunakoelekea, na hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Pinioni ya gari nayo imetoka Kifaransa, kutoka pignon nyingine. Wapo wanaosema pignon hiyo ndiyo ileile inayomaanisha kilele cha ukuta wa nyumba chenye pembetatu, ambacho kinarudi kwenye pinna ya ngomeni. Kwa hao, gia na bawa ni wajukuu wa bibi mmoja waliokulia nyumba tofauti. Wengine wanasema gia imetokana na peigne, yaani kitana, ambayo asili yake ni pecten ya Kilatini, na kwa hao undugu na bawa haupo. Kamusi ya Kifaransa iitwayo TLFi, nayo ni bure, itakusaidia kupima hoja. Mimi naegemea kitana, kwa sababu fundi huona meno kabla ya kuona ngome. Lakini hayo ni maegemeo yangu, na daftarini nimeyaandika kwa penseli.

Hatua ya 5: Kusanya ndugu, fukuza wanaojipendekeza

Neno likishafika kwenye mzizi, tafuta wengine waliotoka hapo. Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayokaa kichwani kuliko zote.

Ndugu wa kweli wa pinion ni hawa. Pen, kalamu, kutoka penna, kwa kuwa Ulaya waliandika kwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha kwa karne nyingi. Kile kisu kidogo cha mfukoni bado kinaitwa penknife kwa sababu kilikuwa cha kuchongea manyoya hayo. Penne, ile tambi ya Kiitaliano iliyokatwa mshazari, ni manyoya ya kuandikia: angalia ncha yake. Pinnacle, kilele, ni pinna ndogo. Na daktari akikuambia kuhusu pinna yako anataja sehemu ya nje ya sikio.

Wanaojipendekeza ni wengi. Pencil inaonekana ndugu wa damu wa pen, kumbe haimo: imetoka penicillus, brashi ndogo ya rangi, ambayo maana yake ya mwanzo ni kijimkia. Penisilini ndiyo ndugu yake, kwa kuwa ukungu ule ukiutazama kwa hadubini una vibrashi. Opinion imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kudhani. Minion ni mignon ya Kifaransa, mpenzi au kipenzi. Kufanana mwisho hakumfanyi mtu awe shemeji.

Je, utajuaje ndugu asiyefanana? Kwa kanuni za sauti. Mwaka 1822 Jacob Grimm, yuleyule Mjerumani aliyekusanya hadithi za ngano, alieleza kwa mpangilio jambo ambalo Rasmus Rask wa Denmark alikuwa amekwisha kulionyesha mwaka 1818: mahali ambapo Kilatini na Kigiriki vina p mwanzoni mwa neno, Kiingereza na lugha za jamii yake huwa na f. Pater ni father. Pes, mguu, ni foot. Piscis, samaki, ni fish. Basi penna, ambayo zamani zaidi ilikuwa *petna, Kiingereza kinalo jozi lake: feather. Kwa sikio la kawaida hayakaribiani hata kidogo, nayo ni damu moja.

Kigiriki kina pteron, bawa, kutoka mzizi huohuo wa kuruka. Pteron umeshaitamka mara nyingi bila kujua. Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt aliunda neno hélicoptère mwaka 1861 kwa kuunganisha helix, kitu kilichojipinda kama parafujo, na pteron. Chombo chenyewe hakikuwa kinaruka na mtu bado, jina lilitangulia. Kwa hiyo helikopta ukiikata kwenye kiungo chake halisi inakatika heliko na pta. Waingereza waliikata pabaya, wakapata heli upande mmoja na kopta upande wa pili, nasi tumeipokea ikiwa imevunjwa hivyo hivyo.

Na kalamu yetu? Haimo katika ukoo huu, ila inapita karibu. Tumeipata kwa Waarabu, qalam, ambao neno hilo linarudi kwenye kalamos ya Kigiriki, yaani tete. Waandishi wa pwani waliandika kwa tete lililochongwa, Wazungu kwa unyoya, na kila mmoja akaita chombo kwa jina la malighafi yake. Kichekesho ni kwamba wataalamu wa ndege huita lile shina tupu la chini ya unyoya calamus. Kalamu imo ndani ya unyoya.

Hatua ya 6: Uliza kwa nini lugha ina maneno mawili kwa kitu kimoja

Wing ipo, pinion ya nini? Kiingereza cha kale kilisema feðra, manyoya, kumaanisha mabawa. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, wakatua, wakaoa, na neno lao vængr likaingia. Kufikia karibu mwaka 1200 linaonekana katika maandishi ya Kiingereza na polepole likachukua kazi yote. Feather ikabaki na unyoya mmoja. Pinion ilipofika kutoka Ufaransa ilikuta kiti kimekaliwa, ikapewa pembe mbili: ufundi wa wafugaji, na ushairi. Ndiyo maana leo ukimkuta mwandishi ametumia pinion kwa bawa zima, ujue amevaa kanzu ya Ijumaa. Tafsiri yako nayo ivae.

Hatua ya 7: Lione neno likifanya kazi

Tafuta sentensi mbili tatu za watu walioandika vizuri. Shakespeare anatosha, kwa sababu anayo yote mawili. Katika King Lear, iliyochapwa kwanza 1608, mtawala mmoja anaamuru Gloucester mzee akamatwe: "Pinion him like a thief." Mfungeni mikono kama mwizi. Katika Antony and Cleopatra, iliyochapwa 1623, Antony aliyekuwa akituma wafalme kama wajumbe sasa ameshindwa vita, anamtuma mwalimu wa watoto wake, na mtu wa upande wa pili anasema hiyo ni dalili kwamba amenyonyolewa, kwa kuwa ametuma "so poor a pinion of his wing". Hapo pinion ni unyoya mmoja na wing ni bawa zima, bega kwa bega katika mstari mmoja. Hakuna fasili ya kamusi itakayokupa tofauti hiyo waziwazi namna hii.

Biblia nayo ni kipimo kizuri, maana sentensi moja imetafsiriwa mara nyingi. Zaburi 91:4 ina maneno mawili tofauti ya Kiebrania kwa bawa. Watafsiri wa Kiingereza wa 1611 waliandika feathers na wings. Wale wa Revised Standard Version ya 1952 wakaandika pinions na wings. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ambayo nayo ni ya 1952, inasema: "Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio." Nadhani watafsiri wetu waliona kwamba mbawa na mabawa katika mstari mmoja zingegongana, wakachagua manyoya. Uamuzi mzuri, na unakufunza kitu: pinion ikiwa imesimama karibu na wing, usitafute kisawe chake peke yake, tafuta kisawe cha jozi.

Hatua ya 8: Amua, uandike kadi

Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote haya, wala hakihitaji. Kadi yangu ya pinion, ambayo bado imebandikwa juu ya meza, inasema hivi:

Kwa ndege katika ushairi au masimulizi mazito: mbawa, ubawa. Kwa unyoya mmoja: unyoya wa kurukia. Karibu na wing: manyoya kwa moja, mbawa kwa jingine. Jikoni na buchani: ncha ya kipapatio. Kwa mfugaji: kukata kiganja cha bawa, na usiandike "kupunguza manyoya". Kwa mfungwa: kumfunga mikono nyuma, pingu usizitaje kama hazimo, kamba zinatosha. Kwa mashine: pinioni, kama fundi anavyoitamka, bila alama za kunukuu wala maelezo, kwa kuwa anayeuza spea Gerezani, Dar es Salaam, hatakuelewa ukimwambia unataka gia ndogo ya msukumo. Mrengo ni wa siasa na unatafsiri wing tu, pinion haiendi huko.

Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Tai mzee akazikunja mbawa zake." Mhariri aliipitisha bila kuandika kitu.